Sinema ya projekta na video ya papo kwa papo

Sinema ya projekta na video ya papo kwa papo ni njia mbili za kuonyesha picha zinazotembea. Katika ya kwanza, mkanda hupita mbele ya taa kwa kasi ya kawaida ya picha 24 kwa sekunde, na kila onyesho hurudia lililotangulia. Katika ya pili, mtumbuizaji aliyepo ukumbini huchanganya, husimamisha au husimulia picha.

Mkoani Tanga sinema na usimulizi wa papo kwa papo vilikutana mapema, kabla ya video. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu za milimita 16. Sauti ilitoka kwenye santuri, na mara nyingine msemaji alieleza kwa kipaza sauti.

Baadaye, katika vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya Tanzania, wafasiri kama Derek Mukandala, maarufu Lufufu, walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili: msimuliaji alipunguza sauti ya filamu, akaigiza mazungumzo na kuongeza vichekesho. Masimulizi hayo yalipoanza kurekodiwa na kuuzwa, nayo yakawa yaleyale kila yanapochezwa, kama mkanda wa sinema.