Askari ana sanamu, mpagazi hana jina

Yeyote aliyewahi kufika Dar es Salaam amemwona yule askari wa shaba nyeusi pale Samora inapokutana na Azikiwe. Bunduki mkononi, singe mbele, anaelekea bandarini. Magari humzunguka kutwa, na watu hupeana miadi ya kukutana pale. Ni wachache wanaouliza aliyemtengeneza ni nani.

Mimi nimeuliza. Mimi si mwanahistoria wa chuo. Ni mtu wa redio tu, tena wa huku Tongoni, ninayetumia siku zangu za mapumziko kusoma na kupekuapekua. Mchongaji wake aliitwa James Alexander Stevenson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki 1937. Sanamu ilimwagwa kwa shaba huko London, ikaonyeshwa kwanza kwa Waingereza wenyewe, kisha ikapakiwa melini. Ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927. Stevenson huyo huyo ndiye aliyetengeneza askari wa Mombasa na wale watatu wa Nairobi.

Kabla ya hapo Dar es Salaam ilikuwa na sanamu nyingine, ya Wajerumani. Ilimwonyesha Gavana Hermann von Wissmann amesimama juu, na askari Mwafrika yuko chini yake, anamtazama. Waingereza waliing'oa. Baadaye ilifika Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1967 na tena 1968. Haikurudishwa. Kwa hiyo tukubali kwamba Stevenson alileta badiliko: kwake askari Mwafrika hana bwana juu ya kichwa chake.

Lakini tutazame na kitako cha sanamu. Kuna maandishi ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Mwandishi wake ni Rudyard Kipling. Yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sasa zunguka kitako chote, msikilizaji. Utafute jina hata moja. Hulipati.

Hapo ndipo lilipo jambo langu la juma hili. Sisi watu wa Tanga vita hivyo tulivipata mlangoni. Tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914, jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, lilishuka pwani yetu likapigwa na kikosi cha Lettow-Vorbeck cha watu wapatao 1,000. Hata nyuki walishiriki, wakawauma wa pande zote. Waliokufa upande wa Waingereza wana kumbukumbu yao ya majina hapa Tanga mjini.

Wapagazi je? Upande wa Waingereza peke yake ulichukua wapagazi wapatao milioni moja, kwa kuwa pasipo reli mzigo wa jeshi ulikwenda kwa kichwa cha mtu. Wanaokadiriwa kufa ni 95,000 au zaidi, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Maandishi ya Nairobi yanawasifu kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono! Jina ni la mtu mzima, halipewi mguu.

Haikuwa bahati mbaya. Wakuu wa tume ya makaburi ya vita ya Dola ya Kiingereza waliamua kwamba kwa Waafrika sanamu zitatosha badala ya majina. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Wapo watakaosema yamepita, waliokufa wamekufa. Basi waangalie Cape Town. Mwezi Januari 2025 ulifunguliwa huko ukumbusho wa Waafrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika kazi hizo za jeshi, na kila mmoja ana nguzo yake ya mti yenye jina lake. Wengi wao walifia huku kwetu. Imechukua zaidi ya miaka mia moja, lakini imewezekana.

Sisi je? Si lazima tungoje shaba kutoka London. Hapa Tongoni tuna makaburi ya kale yenye nguzo, na mengi hayana maandishi. Mawe yamebaki, majina yamekwenda na waliokuwa wakiyajua. Kwa wapagazi bado hatujafika huko. Mzee aliyeambiwa na babu yake habari za kubebeshwa mizigo bado yupo katika vijiji vyetu. Mwulizeni jina, ukoo na mahali alikochukuliwa. Andikeni katika daftari, na nakala muipeleke shuleni au kwa mtendaji wa kijiji.

Kile kitako kilisema wana watakumbuka. Wana ndio sisi.