Intakula: Faida Yake Iko Barabara Gani?

Pajero nyingi zilizoshushwa Kilindini miaka ya 1990 zilikuja na maandishi makubwa ubavuni: Intercooler Turbo. Yalikuwa majigambo ya kiwandani, na wenye magari hawakuona haya kuyatembeza mjini. Pajero hizo sasa zimezeeka, ila ubishi zilioleta bado mbichi. Pita gereji za kando ya barabara ya Malindi, kuanzia Bamburi, ukapita Shanzu hadi daraja la Mtwapa, na wakati wowote boneti ya gari la tabo ikiwa wazi utausikia: hii intakula inasaidia kweli, au ni rejeta ya ziada ya kumtoza mteja?

Inasaidia. Swali ni kiasi gani na kwa nani, na kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Tabo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka injini, ya pili inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta zaidi yanaweza kuungua, na injini ndogo ikafanya kazi ya kubwa. Kasoro ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi ncha ya pampu inavyochoma vidole. Na hewa ya moto hutanuka, kwa hivyo sehemu ya kile ulichopata kwa tabo unakipoteza papo hapo. Intakula ndiyo rejeta inayoipoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda.

Tufanye hesabu ya hapa Shanzu, ambako mchana wa Februari nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Tabo ikishindilia hewa hiyo hadi mara 1.7 ya presha ya nje, itatoka ikiwa na nyuzi 100 hivi. Ulitarajia hewa ya ziada asilimia 70. Kwa sababu ya joto unapata kama 38. Ipitishe kwenye intakula nzuri ishuke hadi nyuzi 50, na hata ukitoa presha kidogo inayopotelea ndani ya vijia vyake, unafika karibu asilimia 54. Silinda imepata hewa zaidi kwa asilimia 12, na injini iliyopangwa kuitumia itapata nguvu inayokaribia kiasi hicho. Kwa petroli kuna kubwa kuliko nguvu: hewa ikiwa moto mno, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla ya zamu yake, injini ikaanza kugonga, na pistoni zikatoboka.

Alfred Büchi, mhandisi wa Winterthur huko Uswisi, alipata hataza ya tabo mwaka 1905. Ilipita miaka 20 kabla wazo lake halijafanya kazi ya maana, na kazi hiyo ilikuwa baharini. Katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli ambazo kwa tabo zilipanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Meli ina bahati ya kuzungukwa na maji. Meli kubwa za dizeli zinazofunga Kilindini leo hupoza hewa ya tabo zao kwa maji, na sijasikia mhandisi wa meli akiuliza kama jambo hilo lina faida.

Angani sababu ilikuwa nyingine. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, kuonyesha kwamba tabo hurudisha nguvu inayopotea hewa ikiwa nyepesi. Vita Kuu ya Pili vilipofika, ndege za B-17 za Marekani ziliruka na tabo kwa kila injini, na intakula pamoja nazo. Ukitaka kushindilia hewa nyepesi ifikie presha ya usawa wa bahari, lazima uishindilie zaidi, na ikishindiliwa zaidi inachemka zaidi.

Huku kwetu intakula ilitangulia kwenye reli kabla ya barabara. Mwaka 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza kupokea vichwa vya treni vya dizeli kutoka English Electric ya Uingereza, daraja la 90, ambavyo baadaye chini ya Kenya Railways vikaitwa daraja la 87. Injini yake ya silinda 12, nguvu farasi 1,840, iliandikwa 12CSVT. Hiyo C ilimaanisha kwamba hewa ya tabo inapozwa. Ndugu yake isiyopozwa iliitwa SVT tu. Wazee wa Pwani hukumbuka zaidi Garratt za daraja la 59, yale madude ya mvuke yenye majina ya milima yaliyovuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na siwalaumu, kwani dizeli haina mvuto ule. Lakini ni dizeli zilizoyastaafisha.

Malori nayo yakafuata. Volvo ilitoa lori lake la kwanza la tabo, Titan Turbo, mwaka 1954, bila intakula. Mwaka 1973 DAF ya Uholanzi ikaongeza kipozaji, na baada yake wengine wote wakalazimika. Ukitaka kujua kwa nini, lifikirie trela linalotoka Changamwe likiwa limejaa. Linaanza kupanda kuelekea Mazeras na kupanda hakuishi: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa anayekwenda Uganda, Timboroa inapita mita 2,700. Saa nyingi mguu uko chini na tabo inapuliza kwa nguvu zake zote. Hewa ikipozwa, moto wa ekzosi unapungua, vali na pistoni zinapumua, moshi mweusi unapungua, na hata zile oksidi za naitrojeni zinazobanwa na sheria za Ulaya zinashuka. Kwa lori hakuna ubishi, na anayelitoa intakula yake ili kuokoa pesa za kuitengeneza atazilipa Eldoret.

Ni kwenye magari madogo ambako hadithi ilienda mrama. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya tabo kuuzwa kwa umma. Badala ya intakula, lilinyunyiziwa ndani ya injini maji yaliyochanganywa na methanoli ili kuzuia kugonga, na mwenye gari alitakiwa kujaza tangi lake mwenyewe. Wengi walisahau. Mwishowe magari mengi yalirudishwa yakang'olewa tabo. Porsche 911 Turbo ya 1975 haikuwa na intakula na ilitoa nguvu farasi 260. Ya 1978 ilipofungwa moja chini ya bawa la nyuma ilifika 300, ingawa ujazo pia ulipanda kutoka lita 3.0 hadi 3.3, kwa hivyo sifa zote zisiende kwa intakula. Ushahidi safi zaidi ni wa Audi. Injini ile ile ya silinda tano, lita 2.1, ilitoa farasi 170 kwenye Audi 200 bila kupozwa, na 200 kwenye Quattro ya 1980 iliyofungwa intakula na kuongezwa presha kidogo.

Kisha ikaja Safari Rally. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica ya tabo, na tangu hapo hadi mashindano yalipotolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, hakuna gari lisilo na tabo lililoshinda. Celica GT-Four aliyoshinda nayo 1990 ilitoka kiwandani na intakula inayopozwa kwa maji. Maji hayangoji upepo, na katika tope na vumbi la Safari, ambako mwendo unapanda na kushuka kila baada ya kona, hilo ni jambo kubwa.

Subaru ilifanya vivyo hivyo kwenye Legacy RS ya 1989, kisha kwenye Impreza WRX ikahamia intakula ya hewa iliyolala juu ya injini, na tundu kwenye boneti kuiletea upepo. Hiyo ndiyo inayoonekana sana Shanzu, kwenye Impreza na Forester. Na hapa ubishi wa gereji una haki yake. Gari likikwama kwenye foleni ya Mtwapa, upepo wa tundu hakuna, na joto la injini linapanda hadi kwenye intakula yenyewe. Lakini katika foleni hiyo tabo pia haipulizi chochote cha maana, kwa hivyo hakuna hewa ya moto ya kupoza. Anayeishi kati ya Shanzu na Mtwapa kwa mwendo wa matuta hana anachokosa wala anachopata. Akikanyaga kuelekea Kilifi, baada ya dakika chache intakula inapoa na hesabu ya juu inaanza kufanya kazi.

Land Cruiser ya 80 yenye injini ya tabo ya lita 4.2 ilitoka Toyota bila intakula kabisa, na hakuna aliyeilalamikia, kwa sababu injini ni kubwa na presha ya tabo ni ndogo. Pajero ya lita 2.5 haina anasa hiyo. Intakula yake ikivuja, na huku Pwani huvuja mapema kwa vile chumvi hula mapezi ya alumini, mafundi wengine huruka intakula kwa bomba kutoka tabo hadi injini. Ukifungua ile ya zamani utakuta mafuta ya tabo yametuama chini na mpira umepasuka penye klipu. Mara nyingi mpira mpya na kuosha kwa petroli vingetosha.

Dawa hiyo ya bomba inaanza kukosa pa kushika. Kwenye injini ya Volkswagen TSI ya lita 1.4 iliyotoka mwaka 2007, intakula ni ya maji na imezikwa ndani ya manifoldi yenyewe.