Mizani ya Nairobi na ubongo wa Mwafrika

Mwezi Julai 2025 ilitimia miaka 100 tangu Frantz Fanon azaliwe huko Martinique. Makongamano yalifanyika, hotuba zikatolewa, na kama kawaida wengi walizungumzia bunduki na ukombozi. Wachache walifika sura ya mwisho ya kitabu chake cha 1961, Les Damnés de la terre, ambamo anamvaa daktari mmoja kutoka Nairobi. Daktari huyo ni John Colin Carothers, aliyewahi kuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alikuwa ameuambia ulimwengu kwamba Mwafrika hatumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo wake.

Dai hilo halikuanzia kwa Carothers. Wanahistoria Jock McCulloch, katika kitabu chake cha 1995, na Chloe Campbell, katika chake cha 2007, wamelifukua hadi kwenye mizizi, na makala haya yanawategemea wao.

Habari ya kuugawa ubongo katika maeneo ni ya Ulaya ya karne ya 19. Mwaka 1861, Paul Broca wa Paris alipasua ubongo wa marehemu aliyekuwa hawezi kutamka ila silabi moja, “tan”, akakuta jeraha upande wa kushoto mbele. Mwaka 1870, Fritsch na Hitzig wa Berlin waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme na miguu ikacheza. Mwaka 1909, Brodmann alichora ramani ya gamba la ubongo na kuyapa maeneo yake namba. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo iliyosumbua zaidi. Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli huko Vermont, Marekani, alipenywa na mtaimbo kichwani mwaka 1848 na akapona, lakini rafiki zake wakasema huyu si Gage tena: amekuwa mtu wa matusi, asiyeshikilia mpango wowote. Kwa hiyo sehemu ya mbele ikapewa heshima ya kuwa makao ya subira, mipango na kujizuia. Anayekusudia kumdhalilisha mtu hana haja ya kutafuta mahali pengine.

Nairobi ya miaka ya 1930 ilikuwa na watu wenye kusudi hilo. Katika maabara ya utafiti wa tiba ya serikali, mwanapatholojia F. W. Vint alikusanya bongo 100 za wanaume Waafrika, akazipima uzito na kuzitazama kwa hadubini. Alichapisha matokeo ya awali katika East African Medical Journal mwaka 1932, na ripoti kamili katika Journal of Anatomy mwaka 1934. Wastani wake ulikuwa gramu 1,276, dhidi ya gramu 1,428 za Mzungu. Akaongeza kwamba tabaka za juu za gamba la sehemu ya mbele ni nyembamba, na kwamba ubongo wa mtu mzima wa Kenya umefikia kiwango cha mvulana wa Kizungu wa miaka saba au minane.

Hesabu za Wazungu zilitoka katika machapisho ya Ulaya. Vint hakuwa na bongo 100 za masetla mezani, zilizotolewa na kuhifadhiwa kwa namna ileile. Na hata mizani ingekuwa sahihi, uzito ungethibitisha nini? Ubongo wa mwandishi wa Urusi, Ivan Turgenev, ulikutwa na gramu 2,012. Ule wa Anatole France, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1921, ulikuwa na gramu 1,017 tu. Hakuna aliyeamka Paris akapendekeza Wafaransa wafungiwe shule.

Nairobi walipendekeza jambo la namna hiyo. H. L. Gordon, daktari aliyekuwa akihudumu Mathari, alizichukua takwimu za Vint na kuziunganisha na vipimo vyake mwenyewe vya mafuvu. Mwaka 1933 kikaanzishwa chama cha kuchunguza uboreshaji wa vizazi, Kenya Society for the Study of Race Improvement, kilichojaa madaktari na walowezi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Gordon alikuwa London akihutubia. Alitaka serikali ya Uingereza igharimie utafiti mkubwa kuhusu akili za Waafrika, na alionya kwamba elimu ya Kizungu huenda ikawatia wazimu vijana wanaosomeshwa. Hapo nia ilijianika. Kama kichwa hakibebi, kwa nini kodi ijenge shule? Na kodi yenyewe, tusisahau, ilitoka pia katika vibanda vya wenye vichwa hivyo.

Magazeti ya London yakawaka. Norman Leys, daktari aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi na kuandika kitabu cha kuwashutumu walowezi mwaka 1924, alikuwa miongoni mwa waliompinga Gordon. Hoja za wapinzani zilikuwa nyepesi kueleweka: njaa, malaria na minyoo havikupimwa, na ubongo hukua kwa chakula kama kiungo kingine chochote. Lakini sidhani kama hoja ndizo zilizoshinda. Hitler alikuwa amepitisha sheria yake ya kuwafunga watu kizazi kwa lazima Julai 1933, na maofisa wa wizara ya makoloni hawakutamani kuonekana wakinywa kisima kimoja naye. Fedha hazikutolewa, na chama kikafifia.

Dai ndilo lililobaki. Carothers, aliyeingia Mathari mwaka 1938 akitokea kazi za kawaida za utabibu wa serikali, alilirudisha kwa vazi jipya. Egas Moniz wa Ureno alikuwa ameanzisha mwaka 1935 upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1949 akapewa Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 1951 Carothers aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji huo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani (WHO) likamchapishia kitabu kizima. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha kijitabu chake kuhusu “saikolojia ya Mau Mau”, na ndani ya kijitabu hicho akaunga mkono kuwahamishia watu katika vijiji vya lazima.

Jibu la kitabibu lilitoka Nigeria. Thomas Adeoye Lambo, mkuu wa hospitali ya Aro, Abeokuta, aliziita kazi za aina hiyo hadithi zilizovikwa joho la sayansi. Baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa WHO hiyohiyo.

Tangu uhuru, kimya. Wanafunzi wetu wa udaktari huwakariri Broca na Brodmann, na ni haki yao, lakini nani huwaambia kwamba vipande vya ramani hiyo vilipimwa hapa Nairobi, kwa wanaume ambao majina yao hayamo katika ripoti? East African Medical Journal bado linachapishwa jijini. Lingeweza kutenga toleo moja, likaichapisha upya ripoti ya 1932 pamoja na majibu ya wataalamu wa ubongo wa leo, mstari kwa mstari.