Akwaporini: ukoo wa proteini, jeni zake na majina yake

Tangu katikati ya karne ya 20 wanafiziolojia walijua kwamba maji hupenya utando wa chembe nyekundu za damu upesi kuliko mafuta ya utando huo yanavyoweza kuyaruhusu. Mnamo 1970 ilionyeshwa pia kwamba zebaki huuzuia mwendo huo. Ilidhaniwa basi kuwa pana mlango, na kwamba mlango huo ni proteini. Lakini proteini yenyewe haikujulikana.

Ilipatikana bila kutafutwa. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Peter Agre na wenzake walikuwa wakichunguza proteini ya damu iitwayo Rh. Mnamo 1988 walitangaza nyingine, yenye uzito wa kilodaltoni 28, ambayo mwanzoni walidhani ni kipande tu cha ile ya Rh. Kila chembe ilikuwa na nakala zipatazo 200,000, ila rangi ya kawaida ya maabara haikuishika vizuri. Ndiyo maana macho ya wengi yalikuwa yameipita.

Mwaka 1991 jeni yake ilisomwa, na asidi amino 269 zikapangwa kwa mfuatano. Hapo ndipo ukoo ulipoanza kuonekana. Mfuatano huo ulifanana na ule wa proteini ya lenzi ya jicho la ng'ombe, uliochapishwa mwaka 1984, na wa proteini nyingine za bakteria, za inzi, hata za vinundu vya mizizi ya soya. Nusu zake mbili zenyewe zinafanana, kila moja ikibeba alama ileile: asparajini, prolini, alanini. Lakini kufanana kwa sura si ushahidi wa kazi. Ushahidi ulikuja mwaka 1992, kwa msaada wa mayai ya chura wa Afrika aitwaye Xenopus: yaliyodungwa RNA ya proteini hiyo, yalipotiwa katika maji yenye chumvi haba, yalivimba na kupasuka, yasiyodungwa yalibaki karibu kama yalivyokuwa.

Baada ya hapo alama ile ikawa chambo cha kuvulia ndugu wengine. Mwaka 1993 watafiti wa Japani waliipata AQP2 katika figo. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba kasoro katika jeni yake humfanya mtu akojoe maji mengi kupita kiasi. AQP2, AQP5 na AQP6 zimepangana katika kromosomu ya 12, jambo linaloashiria kwamba jeni moja ya kale ilijirudia. Binadamu ana jeni 13 za namna hii. Jina «akwaporini» lilichukua nafasi ya CHIP28, na proteini ya lenzi, iliyotangulia kujulikana, ikapewa namba sifuri: mkubwa wa ukoo kahesabiwa kabla ya wa kwanza!

Agre alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003, pamoja na Roderick MacKinnon. Wapo waliolalamika kwa niaba ya Gheorghe Benga wa Cluj-Napoca, Romania, ambaye mwaka 1986, kwa kutumia zebaki yenye mnururisho, alichapisha dalili za proteini zinazohusika na kupita kwa maji. Malalamiko hayo yana uzito, kwani kazi yake ilitangulia. Hata hivyo Benga alionyesha mahali mlango ulipo. Hakuitenga proteini, wala hakuisoma jeni, na bila jeni ndugu wengine wasingetafutika.