Jembe la Mgeni Usukumani

Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi jijini London, alipanga wikiendi ya watu wachache kwenda kufanya kazi kwenye shamba la chuo cha Emerson huko Sussex, Uingereza. Wenyeji waliwapa chakula na mahali pa kulala, nao wakatoa nguvu zao na kujifunza kilimo hai. Hapo ndipo ulipoanza mtandao wa WWOOF, unaowapeleka wasafiri kwenye mashamba ya nchi nyingi. Lakini mtu wa Buhongwa, kata iliyo kusini mwa Jiji la Mwanza kwenye barabara ya Shinyanga, hana haja ya kuanzia Sussex. Usukumani watu walishazoea kulima shamba lisilo lao kwa makubaliano ya chakula, heshima na malipo vizazi kadhaa kabla ya wikiendi ile. Nami naona historia hiyo inatufundisha jambo moja: kazi ya namna hii hustawi pale mwenye jembe na mwenye shamba wanapopatana wenyewe, na hufa pale mtu wa tatu anapoamuru, hata kama anachoamuru ni chema.

Vikundi vya vijana wa kulima, chini ya viongozi walioitwa basumba batale, vilialikwa na mwenye shamba lililomshinda. Walifika na ngoma, wakajipanga mstari, na mpigo ndio ulioamua jembe lipande lini na lishuke lini. Bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo leo huchezwa kwenye sherehe, ilitoka shambani. Juu ya kazi kulikuwa na ushindani wa vyama vikubwa viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambao mpaka sasa huonekana kila Juni katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa. Kijana alilima kwa bidii kwa sababu jina la chama chake lilikuwa hatarini mbele ya watazamaji. Nyimbo za kazi hiyo ni nyingi kiasi kwamba mtafiti Frank Gunderson aliziandikia kitabu kizima mwaka 2010. Mwenye shamba naye alikuwa na wajibu wake: chakula cha kutosha, mara nyingi nyama, na malipo waliyokubaliana. Akipunja, habari zilisambaa, na msimu uliofuata alilima peke yake.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ilikuwa ajira, kwa kuwa palikuwa na malipo, na kwamba aliyenufaika ni tajiri mwenye ng'ombe wa kuchinja, hasa baada ya pamba kupanua mashamba. Hoja ya pili ni ya kweli. Mjane mwenye kapu moja la mtama hakuweza kualika kikundi kikubwa. Hoja ya kwanza inakosea inapodhani kwamba kujitolea maana yake ni kuondoka mikono mitupu. Anayepika na kulaza wageni amelipa. Kinachotenganisha hiari na shuruti ni uwezo wa kila upande kukataa, na vijana wale walikuwa nao.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye samadi. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, wakulima walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakakusanya samadi na kuibeba hadi shambani, wakapanda marejea katikati ya uwele kisha wakayafukia kurutubisha udongo. Thornton na Rounce waliandika juu ya kilimo hicho mwaka 1936, na maofisa wa kikoloni wakatamani Usukuma mzima ufanye vivyo hivyo. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulileta sheria za samadi, matuta na kupunguza mifugo, na waliozikiuka walitozwa faini. Wakulima walizichukia, hasira zikachangia maandamano ya Geita ya mwaka 1958, na shuruti ile ikaporomoka. Mtu atasema Wakara nao walilazimishwa, na uhaba wa ardhi. Ni kweli, na ndiyo maana waliohamia bara, kwenye ardhi tele, waliiacha kazi ile nzito. Lakini kule kisiwani kila tenga la samadi lilirudi kwenye ghala la aliyelibeba, na hakuna karani aliyesimama kandoni akihesabu.

Baada ya uhuru kosa lilirudi kwa sura nyingine, na lilifanywa na watu waliotutakia mema. Mwaka 1962 Nyerere, akieleza Ujamaa, alikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alikuwa sahihi kwamba kazi ilikuwa sehemu ya ukarimu wetu. Ila jembe la kwenye methali hutolewa na mwenye nyumba. Novemba 1973 lilipotoka agizo la serikali kwamba hadi mwaka 1976 watu wote wawe wamehamia vijijini, jembe la shamba la pamoja lilitolewa na ofisi. Watu walewale walioweza kulima kwa ngoma kutwa nzima walikwenda pale kwa kuchelewa na kuondoka mapema. Kuwaita wavivu ni kuwaonea.

Leo nyumba zinameza mashamba ya Buhongwa, na mwenye bustani ya mchicha huko anaweza kupata msafiri kutoka Ulaya anayetaka kujifunza mboji. Wengine husema huyo anampora kijana wa hapa kibarua. Hatari hiyo ipo pale mgeni anapotumika badala ya mtu wa kulipwa. Haipo anapokuja kama mwanafunzi na mwenyeji akabaki mwalimu. Linalonitia shaka zaidi ni mtu wa kati. Anayejitolea nchini anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, viza ya utalii haitoshi, na ugumu wa taratibu hizo huwapa nafasi mawakala wanaomtoza mgeni fedha nyingi, wakampangia kazi na saa, huku mwenye shamba akiambiwa tu kwamba kesho kuna watu wanakuja. Mwenye bustani aulizwe yeye kwanza: anahitaji mikono mingapi, msimu gani, atalisha nini, na sehemu gani ya ada ile itafika kwake.