Kebo ya Shaba na Kebo ya Nuru

Ukiigeuza runinga bapa au king'amuzi kinachouzwa madukani Kisumu, huenda ukakuta mgongoni tundu la sauti lililoandikwa kwa herufi ndogo COAXIAL, au OPTICAL, au yote mawili. Mwenye hoteli ya samaki hapo sokoni Kombewa anayetaka kelele za mpira zitoke kwenye spika kubwa, si kwenye vispika vyembamba vya runinga, lazima achague. Watafsiri wa vijitabu vya maelekezo humpa kebo ya koaksia na kebo ya optiki, kisha hufunga faili.

Koaksia ni jina la umbo. Ikate kebo hiyo: katikati kuna uzi wa shaba, kisha plastiki nyeupe, kisha wavu wa waya nyembamba, kisha gamba la nje. Uzi na wavu vinazunguka mhimili mmoja, na jina lote limetoka hapo. Mwingereza Oliver Heaviside aliipatia hataza mwaka 1880, enzi ambayo simu za waya zilisumbuliwa na kelele za nyaya jirani. Wavu ule ndio unaoukinga uzi wa ndani. Basi tafsiri ya kitaaluma ingekuwa kebo ya mhimili mmoja. Ni sahihi kabisa, na haimfai kitu mtu aliyeshika plagi huku wateja wakimpigia kelele kwamba mechi imeanza.

Tena jina koaksia huko Kombewa lina mwenyewe tayari. Koaksia ni ile waya nene inayoshuka kutoka kwenye dishi la paa. Wanaoiita hivyo hawajakosea, kwa kuwa ni kebo ya aina ileile, yenye ukinzani uleule wa omu 75. Fundi mwenye kipande kilichobaki cha waya ya dishi, akikilehemu plagi za RCA ncha zote mbili, amepata kebo halali ya sauti ya kidijitali. Hata ile waya ya njano ya picha iliyokuja na deki ya DVD inafaa, maana nayo hutengenezwa kwa omu 75. Balaa liko upande wa matundu. Tundu la kidijitali, ambalo mara nyingi hupakwa rangi ya machungwa, limefanana na matundu mekundu na meupe ya sauti ya kawaida, na plagi huingia popote bila kupingwa. Ukiliunganisha tundu hilo na mlango mwekundu wa amplifaya ya zamani utapata mchakacho wa kelele, kwa sababu amplifaya inapokea tarakimu ikidhani ni sauti.

Kebo ya pili iliingia sokoni mwaka 1983, pale Toshiba ya Japani ilipotaka kuunganisha mashine zake za CD na vipokezi. Ndani yake mna uzi wa plastiki wa unene wa milimita moja hivi, na kinachopita ni mwanga mwekundu wa taa ndogo ya LED unaowaka na kuzimika. Mwanga huo unaonekana kwa macho: chomoa plagi, na kama tundu linang'aa jekundu, kifaa kinatoa ishara. Tundu lake karibu ni mraba, lina kijilango, na halikubali plagi nyingine.

Kinachosafirishwa katika kebo zote mbili ni kilekile, utaratibu uliobuniwa na Sony na Philips na kubeba majina yao. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa na biti 16, kwa njia mbili, kushoto na kulia. Jumla ni biti 1,411,200 kila sekunde. Biti zikifika salama, zimefika. Muuzaji anayekuapia kwamba nuru ina besi tamu kuliko shaba anauza kebo.

Tuiite nini sasa hii ya pili? Faiba limeshachukuliwa: Kisumu faiba ni intaneti, na kebo za intaneti ni za kioo, zenye miali isiyoonekana kwa macho. Watanzania wana mkongo, lakini Mkongo wa Taifa ni wa kuunganisha mikoa, si runinga na spika. Kebo ya mwanga ingependeza, ila Pwani mwanga ni pia mchawi wa usiku, na Seme, iliko Kombewa, nako hawakosi jina la watu wa namna hiyo. Mimi nachagua kebo ya nuru. Mzungumzaji wa Dholuo, ambaye nuru kwake ni ler, ataifasiri papo hapo bila kumuuliza mtu. Mhimili ungemtaka kwanza arudi darasani.

Na ile ya kwanza iwe kebo ya shaba. Najua waya za sauti za kawaida nazo ni za shaba, kwa hiyo penye hatari ya kuchanganya tutaongeza neno kidijitali. Bado naona ni heri kuitaja kwa kinachobeba sauti kuliko kwa umbo la mkato wake. Tazama neno king'amuzi, lililoenea hapa Kenya wakati wa kuhamia matangazo ya kidijitali mwaka 2015. Wengi mitaani bado husema dikoda, sikatai, lakini asikiapo king'amuzi katika taarifa ya habari hakuna anayeuliza ni nini, kwa kuwa neno lina kung'amua ndani yake.

Kwa Kombewa, majina haya mawili yanagusa jambo zito kuliko sarufi. Shaba hupitisha umeme, nuru haipitishi. Ukanda huu wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani: mchana upepo wa ziwa husukuma unyevu nchi kavu na mawingu hupanda, usiku upepo wa nchi kavu hurudi na dhoruba huhamia juu ya maji. Nyumba yenye dishi juu ya paa, runinga kwenye soketi moja na amplifaya kwenye nyingine upande wa pili wa chumba, mara nyingi haijaunganishwa ardhini inavyostahili. Ukiziunganisha kwa shaba, umeipa mikondo midogo njia ya kuzunguka kupitia wavu wa kebo, na spika huanza kuvuma mmmm hata mpira ukiwa umesimama. Biti hazijaharibika, mvumo umeingia kwenye sehemu ya amplifaya inayoshughulika na sauti yenyewe. Kebo ya nuru inakata njia hiyo.

Lakini haikati radi. Radi ina njia ya dishi na njia ya stima, na wingu likishuka upande wa Asembo dawa ni kuchomoa plagi ukutani na waya ya dishi pia.

Pale vifaa vyote viwili vinapokaa kwenye kabati moja na kula stima ya soketi moja, mimi ningetia shaba bila kusita. Inavumilia kukunjwa, inafika mbali kuliko plastiki, ambayo baada ya mita tano hadi kumi huanza kuchoka, na ikikatika fundi wa sokoni ataichoma lehemu iendelee na kazi. Uzi wa nuru ukivunjika unanunua mwingine. Ila runinga nyingi mpya zimeliacha tundu la shaba, basi mwenye amplifaya ya zamani atahitaji kijisanduku cha kugeuza tarakimu kuwa sauti, chenye tundu la nuru upande mmoja na matundu mekundu na meupe upande wa pili. Akikiunganisha kisha asisikie kitu, aingie kwenye mipangilio ya sauti ya runinga aweke PCM badala ya Dolby, maana vingi vya bei nafuu havijui Dolby.