Nani aliimba "Track 01"?

CD ya muziki ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilibeba sauti. Majina ya nyimbo kwa kawaida hayamo. Ukiinakili kwenye kompyuta, programu hupima urefu wa nyimbo kisha huuliza hifadhidata ya intaneti. CDDB, ya miaka ya 1990, ilijazwa na wasikilizaji wenyewe. Basi nilipoingiza CD za Kimeru na Kiembu za mjomba wangu, jibu likawa tupu: hakuna aliyewahi kuziandika. MP3 ya kilobiti 128 hupunguza faili takriban mara 11 (safi sana!), lakini jina la mwimbaji hubaki kwenye kasha. Makasha mengi yamepotea. Sasa mjomba husikiliza, hunitajia, nami huandika MusicBrainz. Zimebaki CD nne ambazo hata yeye hazitambui.